Muulize Shangazi: Mji wa punda wa bluu

Toleo lililopita niliteleza ulimi. Nilikuwa namjibu binti wa Misungwi aliyeuliza kuhusu kazi za kutunza wazee Ulaya, nikagusia tu kwamba nimekaa Napoli, kusini mwa Italia, miaka kumi, tangu 2009 hadi 2019. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua alizoletewa mhariri na maswali ninayopigwa hapa Mwaloni, Mwanza, mbele ya mafungu yangu ya dagaa, si ya mawifi tena wala mirathi. Hata kuli anayenibebea magunia ameniuliza kama niliwahi kumwona Maradona. Sikumwona. Wenye kesi za ndoa mnivumilie mpaka toleo lijalo.

Mama niliyemtunza nitamwita Nonna, yaani bibi, kwa kuwa ndivyo nilivyomwita. Alizaliwa 1938, akafiwa na mume mapema, miguu ikamkataa ila mdomo haukumkataa hata siku moja. Tuliishi mtaa wa Sanità, ghorofa ya nne, jengo halina lifti. Mengi nitakayoyasema niliyaokota kwake au kwenye zile ngazi.

"Shangazi shikamoo. Kijiweni kwetu tunabishana. Roma wana mbwa mwitu, Lazio wana tai. Kwa nini Napoli wana punda? Timu kubwa na punda wapi na wapi? Dereva wa bodaboda, Mabatini."

Marahaba baba. Klabu ya Napoli ilianzishwa 1926 na nembo yake ilikuwa farasi, maana farasi ni alama ya kale ya mji ule. Sasa msimu wa kwanza, 1926 hadi 1927, wakacheza mechi 18 wakaambulia pointi moja. Umesikia? Moja. Wenye midomo yao wakasema huyu si farasi, huyu ni punda mwenye vidonda. Kwingine mashabiki wangepigana. Wanapoli wakacheka, wakamchukua punda wakampaka bluu, na mpaka leo wanaingia naye uwanjani kwenye mabango.

Niliwahi kumwambia Nonna methali yetu, punda afe mzigo ufike. Nikamtafsiria neno kwa neno. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akanitaka niiandike kwenye karatasi tuibandike kwenye jokofu, na ilikaa pale mpaka anakufa. Halafu wewe wa Mabatini una ujasiri gani wa kucheka punda? Mji wetu umeingiza Ligi Kuu timu iliyoitwa Pamba na nyingine iliyoitwa Mbao.

"Shangazi, nina miaka 19, Napoli nimeanza kuishabikia mwaka 2023 kwa ajili ya Osimhen. Naona wamemchora Maradona ukutani na duara la nuru kichwani kama mtakatifu. Si alikuwa anacheza mpira tu? Na wewe siku ya ubingwa wa 2023 ulikuwa wapi? Shabiki, Kirumba."

Nianze na la mwisho. Tarehe 4 Mei 2023, Alhamisi, nilikuwa banda umiza hapo hapo Kirumba kwenu, mwanamke peke yangu, nimekalia ndoo. Mpira ulianza saa tatu na dakika arobaini na tano usiku wa kwetu. Napoli walikuwa ugenini Udine na walihitaji pointi moja tu. Wenyeji wakatangulia. Dakika ya 52 Osimhen akasawazisha, ikaisha 1-1, banda likalipuka. Vijana walishangilia mikeka yao kutiki. Mimi nililia kwa sababu Nonna alikuwa amekufa miaka minne kabla, baada ya kusubiri usiku ule tangu 1990.

Hesabu mwenyewe: 1990 mpaka 2023 ni miaka 33. Napoli wana kitabu cha kutafsiri ndoto, wanakiita Smorfia, ambamo kila jambo duniani limepewa namba kuanzia 1 hadi 90, na watu hucheza bahati nasibu kwa namba hizo. Ukiota maiti ni 47, maiti akikusemesha ni 48. Na 33 ni miaka ya Kristo. Ungemwambia Nonna kwamba hiyo ni sadfa tu, angekutoa jikoni na kijiko cha mbao.

Sasa Maradona. Humwelewi mpaka uelewe kwanza kaskazini na kusini ya Italia. Viwanda na fedha viko kaskazini, Torino na Milano, na huko ndiko ziliko Juventus, Milan na Inter. Kusini ndiko walikotoka vijana na masanduku yaliyofungwa kwa kamba, kwenda kufunga nati za magari ya wengine. Mdogo wake Nonna alikwenda hivyo hivyo, akarudi na pensheni na kifua kibovu. Timu ya Napoli ikipanda kaskazini kucheza, ilipokewa na mabango ya kuwaambia wakaoge. Kulikuwa na wimbo wa kuuomba mlima Vesuvio uwaoshe kwa moto. Na waliitwa wagonjwa wa kipindupindu, kwa sababu 1973 kipindupindu kiliingia Napoli na lawama zikaangukia kome wa baharini. Sisi watu wa ziwa tunakijua kipindupindu. Hakuna anayekitania.

Hapo ndipo, tarehe 5 Julai 1984, watu zaidi ya 70,000 walijaa uwanjani si kutazama mechi bali kumwona mtu mmoja mfupi akipiga danadana. Napoli walikuwa wamemnunua kutoka Barcelona kwa bei iliyovunja rekodi ya dunia. Mechi yake ya kwanza ya ligi ilikuwa Verona, akakuta bango limeandikwa "Karibuni Italia", kana kwamba wanatoka nchi nyingine, wakapigwa 3-1. Yeye alikulia mtaa wa mabanda pembeni mwa Buenos Aires, na lile bango hakulihitaji mkalimani.

Tarehe 10 Mei 1987 wakatoka sare 1-1 na Fiorentina nyumbani na ubingwa ukawa wao, timu ya kwanza ya kusini mwa Italia bara kuuchukua. (Cagliari waliupata 1970, ila wale ni wa kisiwani.) Mwaka huo huo wakabeba na Kombe la Italia. Mwaka 1989 wakabeba Kombe la UEFA mbele ya Stuttgart, na 1990 ubingwa wa pili. Usiku ule wa 1987 mtu asiyejulikana aliandika kwenye ukuta wa makaburi: "Hamjui mlichokosa." Nonna hakuandika ukutani. Kesho yake alinunua gazeti, akapanda basi, akamsomea mumewe kaburini ukurasa wa michezo kuanzia juu hadi chini, pamoja na msimamo.

Kisha likaja Kombe la Dunia la 1990. Nusu fainali, Italia na Argentina, ikapangwa kuchezwa wapi? Napoli! Maradona, aliyekuwa akiichezea Argentina, akawakumbusha Wanapoli kwamba siku 364 za mwaka Italia inawaona wageni, na leo inawaomba wawe Waitaliano. Mji ukapasuka katikati. Mashabiki wakatundika bango kwamba Napoli inakupenda Maradona, lakini Italia ni nchi yetu. Sare 1-1, Argentina wakashinda kwa mikwaju ya penalti 4-3. Nonna alisema usiku ule kwao hakuna aliyejua alie au acheke, kwa hiyo walikula tu tikitimaji.

Sitakudanganya kwamba alikuwa malaika. Machi 1991 vipimo vilionyesha kokeini, akafungiwa miezi 15, na kwa Napoli hakucheza tena. Alipiga picha na watu wa Camorra, genge linalonyonya damu ya mji ule ule uliompenda. Na kuna mtoto wa kiume aliyezaliwa Napoli 1986. Mahakama za Italia zikasema ni wake, na yeye akachukua miaka mingi mno kumkubali. Hili tuligombana sana na Nonna. Mimi nilimwambia mwanaume anayekataa mtoto usimwekee mshumaa. Yeye akasema mshumaa hauwekewi mtu, unawekewa siku ile. Sikukubali, bado sikubali. Lakini kila tarehe 10 Mei kiberiti kilikuwa mkononi mwangu, maana mikono yake ilikuwa inatetemeka.

Ile picha yenyewe unayoiona ipo mitaa ya Quartieri Spagnoli, ubavuni mwa ghorofa. Ilichorwa 1990 na Mario Filardi, ikafifia, ikarudishiwa rangi 2016. Kuna mtu alitoboa dirisha la nyumba yake pale pale kwenye uso. Na katika mkahawa mmoja mtaa wa kati wameweka unywele wake kwenye kijumba kidogo kama masalia ya mtakatifu. Alipofariki tarehe 25 Novemba 2020 nilikuwa tayari huku. Mwezi uliofuata uwanja wa San Paolo ukapewa jina lake. Jezi namba 10 ilikuwa imeshastaafishwa tangu 2000.

Halafu wewe uliyeanza 2023 ujue: mwaka 2004 klabu ilifilisika ikatupwa daraja la tatu. Na huko huko daraja la tatu watu zaidi ya 50,000 waliwahi kujaa kutazama mechi moja. Walirudi Serie A, ligi kuu ya Italia, 2007. Mashabiki wa Pamba walioisindikiza miaka zaidi ya 20 nje ya Ligi Kuu mpaka iliporudi 2024 hawahitaji maelezo yangu. Ubingwa wa nne, wa Mei 2025, niliutazama kwa simu, intaneti ikikatika. Bao la McTominay nililiona siku ya pili.

"Shangazi, kwaya yetu inakwenda Italia na tutakuwa na siku mbili huru Napoli. Nione nini? Mwanafunzi, Malimbe."

Usiende Jumanne. Hilo ndilo la kwanza, maana makumbusho makubwa na kanisa dogo la Sansevero vyote hufungwa siku hiyo, na hivyo viwili ndivyo ningekufungia safari.

Siku ya kwanza tembea kwa miguu. Kuna mtaa mmoja umenyooka kama umekatwa kwa panga, unaitwa Spaccanapoli, maana yake "mpasua Napoli". Njia yake ilichorwa na Wagiriki waliouanzisha mji wakauita Neapolis, yaani mji mpya. Mji mpya wenye zaidi ya miaka 2,400! Pembeni yake ndipo Sansevero ilipo. Ndani kuna sanamu ya Kristo amelala maiti, kafunikwa shuka nyembamba, mishipa ya paji la uso inaonekana chini ya shuka. Sanamu na shuka vyote ni jiwe moja la marumaru, kazi ya Giuseppe Sanmartino, 1753. Watu walisema tajiri aliyeiagiza alikuwa mchawi aliyegeuza kitambaa kuwa jiwe. Mimi nimezaliwa na kukulia kwenye mawe ya Igogo, nimeona mawe ya kila namna, na hata mimi nilitaka kuinua ncha ile shuka. Tiketi ikate mapema. Picha hawaruhusu.

Ukitoka hapo pita mtaa wa San Gregorio Armeno, wanakouza sanamu ndogo za pango la Krismasi mwaka mzima. Yosefu, Maria, kondoo, na katikati yao wanasiasa na wachezaji mpira. Mimi nilinunua muuza samaki.

Shuka kituo cha treni ya chini cha Toledo hata kama huna safari. Kilifunguliwa 2012, kina kama mita 50 kwenda chini, na ngazi ya umeme inakupitisha chini ya tundu kubwa la vigae vya bluu linalomwaga nuru. Mvuvi wetu yeyote akisimama pale atajua ni maji anayaangalia kutokea chini. Ukitokea juu, jumba la opera la San Carlo liko karibu. Lilifunguliwa 1737, miaka 41 kabla ya lile la Milano linalojulikana zaidi, na hilo la Milano ukilisifia mbele ya mtu wa Napoli umejitafutia ugomvi. Ngome ya baharini, Castel dell'Ovo, itazame ukiwa nje inatosha. Wanasema mshairi Virgilio alificha yai chini yake na siku likivunjika mji utaanguka.

Jioni panda treni ya kamba mpaka Vomero, kwenye ngome ya Sant'Elmo. Utauona mji wote, ghuba, na ng'ambo Vesuvio.

Siku ya pili nenda Pompei kwa treni. Vesuvio ulilipuka mwaka 79 ukaufunika mji ule mzima, mikate ikabaki kwenye tanuri. Wachimbaji waligundua kwamba miili iliyooza iliacha mashimo ndani ya majivu, na kuanzia 1863 wakawa wanamimina plasta humo, wakapata watu kama walivyokufa, mmoja kajiziba uso kwa mikono. Vitu vizuri vya Pompei vimehamishiwa makumbusho ya Napoli, ikiwemo picha ya vita ya Aleksanda iliyopangwa kwa vijiwe zaidi ya milioni. Kwa hiyo ukiwa na nguvu moja tu, chagua: Pompei kwa ajili ya watu, makumbusho kwa ajili ya vitu. Mimi ningechagua watu.

Mlima ule haujafa. Mara ya mwisho ulilipuka Machi 1944. Nonna alikuwa na miaka sita, vita ya dunia bado inaendelea, akaona majivu yanaanguka akidhani ni mabomu ya namna mpya. Moto ulikula sehemu kubwa ya mji wa San Sebastiano. Na bado leo watu zaidi ya 600,000 wanaishi kwenye eneo ambalo serikali imeliwekea alama nyekundu. Niliwahi kumuuliza Nonna kwa nini hawahami. Akaniuliza nilikozaliwa mimi pakoje. Nikamwonyesha picha ya Igogo, nyumba zimekaa chini ya mawe makubwa kuliko kanisa, moja limeegemea jingine kwa pembe tu. Akaitazama muda mrefu, akanirudishia simu bila neno.

Simu uishike vizuri, mkoba uubebe upande wa ukuta, siyo wa barabara. Pikipiki za kule zina mikono.

"Mwanangu, nimezaliwa Mwanza 1951 na Kapripointi naitaja kila siku. Mjukuu ananiambia Capri ni kisiwa cha Italia. Kweli? Mzee, Pasiansi."

Shikamoo mzee wangu, mwangaluka. Mjukuu yuko sahihi. Capri ipo kwenye ghuba ya Napoli, boti ya kasi chini ya saa moja, kisiwa cha kilomita za mraba kama 10, na matajiri wake ni kama wa Kapripointi yetu ukizidisha mara mia. Kaisari Tiberio alihamia kule akaitawala dola yote ya Roma kutoka kisiwani mpaka alipokufa mwaka 37. Majini yamesimama majabali matatu, Faraglioni, ambayo watu wanalipa fedha kwenda kuyapiga picha. Nilipoyaona nilisema hayo si ndugu zake Jiwe la Bismarck? Tena letu unaliona bure ukisubiri kivuko cha Kamanga. Mkata tiketi bandarini nilimwambia kwetu pia kuna Capri na mtu unaipanda kwa miguu. Hakuniamini, akanikatia tiketi ya bei ya mtalii.

"Dada, mimi ni mamalishe. Wateja wa siku hizi wanataka piza. Naweza kuipika kwa jiko la mkaa? Mama K, Buzuruga."

Ile yenyewe, huwezi, na usipoteze unga. Piza ya Napoli inaokwa kwenye tanuri la kuni lenye joto la nyuzi kama 450, inakaa sekunde 60 hadi 90 basi, ndiyo maana ukingo unavimba na katikati pamelegea. Donge lina vitu vinne tu: unga, maji, chumvi, hamira. Hakuna sukari, hakuna mafuta. Linaachwa saa nyingi liumuke polepole, linatandazwa kwa vidole. Ukishika kifimbo cha chapati mbele yao wanageuza uso. Kazi hiyo ya mikono UNESCO iliingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2017. Ile ya nyanya, mozarela na majani ya rihani wanasema ilipewa jina la Malkia Margherita mwaka 1889, na rangi zake ni za bendera ya Italia. Ile iitwayo ya mabaharia haina samaki hata mmoja, ni nyanya, kitunguu saumu na oregano. Nililalamika siku ya kwanza.

Lakini subiri. Kuna piza ya kukaanga, na hiyo ndiyo yako, maana karai unalo. Baada ya vita matanuri yalikuwa yamebomoka na jibini ni ghali, wanawake wa Napoli wakatoa meza mlangoni, wakaweka karai la mafuta, wakauza piza ya kukaanga. Waliiita ya "leo kwa nane": unakula leo, unalipa baada ya siku nane. Nikisikia hivyo nawakumbuka wateja wako wa Buzuruga, tofauti ni kwamba wako siku nane wanazihesabu kuanzia mwisho wa mwezi.

Fanya hivi. Kanda donge lako jioni na hamira kidogo sana, lifunike lilale. Asubuhi kata madonge ya ukubwa wa ngumi, tandaza kwa vidole, weka katikati kijiko cha jibini laini. Hilo unalipata kwa kuchemsha maziwa, kukamulia ndimu na kuchuja kwa kitambaa. Ongeza nyanya iliyokaushwa maji na pilipili manga, kunja, bana kingo kama sambusa kubwa, tumbukiza kwenye mafuta yaliyochemka sawasawa. Mimi huweka na dagaa waliokaangwa wakavu. Kule wanaweka samaki wadogo wa chumvi, kwa hiyo Nonna asingelalamika. Angelalamika, lakini angekula.

"Shangazi, ni kweli kuna damu ya mtakatifu inayeyuka? Muumini, Nyakahoja."

Nimeiona kwa macho yangu, na nitakueleza nilichokiona tu. Mtakatifu Januari, wao wanamwita San Gennaro, alikuwa askofu aliyekatwa kichwa mwaka 305. Kanisa kuu la Napoli lina vichupa viwili vyenye kitu cheusi kilichoganda. Mara tatu kwa mwaka, kabla ya Jumapili ya kwanza ya Mei, tarehe 19 Septemba na tarehe 16 Desemba, askofu anakitoa na kukigeuza geuza, watu wakisali. Kikiyeyuka, mtu anapunga kitambaa cheupe na kanisa zima linapiga makofi. Kanisa halilazimishi mtu aamini, wala haliuiti muujiza rasmi. Desemba 2016 haikuyeyuka, na mtaani kwetu watu walitembea siku nzima kama wenye deni.

Lakini kilichonishinda si damu. Ni wale bibi wa mstari wa mbele wanaojiita ndugu wa San Gennaro. Wanasali kwa kuimba, na akichelewa wanaanza kumgombeza kwa sauti, "Wewe uso wa manjano, unangoja nini?" Sisi kanisani kwetu mtoto akikohoa tu anatolewa nje.

"Mama, mwanangu anacheza winga, ana miaka 16, kuna mtu anasema atampeleka majaribio Italia. Watu weusi wanaishije kule? Baba, Ilemela."

Huyo mtu kwanza akuonyeshe barua ya klabu yenyewe, na ukimpa hata shilingi kabla ya hapo ni shauri lako.

Maisha. Nilipigia simu chumba kimoja, nikaambiwa kipo, njoo. Nilipofika mwenye nyumba akanitazama akasema kimechukuliwa sasa hivi. Kwenye basi mtu amehamisha mkoba wake nikiwa nimebeba mboga mikono yote miwili. Na mwaka mmoja kabla sijafika, tarehe 18 Septemba 2008, Camorra waliwapiga risasi Waafrika sita wakafa pale Castel Volturno, mji wa pwani ambako vijana wetu wengi wanachuma nyanya. Miezi miwili baadaye Miriam Makeba alikwenda kuimba huko huko kwenye onyesho la kuwapinga hao magenge. Aliimba, akateremka jukwaani, akaanguka, akafa usiku ule. Mwezi wangu wa kwanza nilipelekwa na Waghana mpaka pale, hatukusema kitu.

Upande wa pili upo pia. Kalidou Koulibaly, beki wa Senegal, alicheza Napoli tangu 2014 hadi 2022. Februari 2016 mashabiki wa Lazio walimfanyia sauti za nyani mpaka mwamuzi akasimamisha mechi. Jumapili iliyofuata nyumbani, uwanja mzima uliinua karatasi zenye uso wake. Nonna hakuwa na karatasi, akanituma nikachapishe moja steshenari, akaiinua mbele ya televisheni. Desemba 2018 ikatokea tena Milano, na Inter wakacheza mechi mbili bila mashabiki kama adhabu. Osimhen naye akawa Mwafrika wa kwanza kuongoza kwa mabao Serie A, mabao 26. Vijana wa kizungu walinunua barakoa ya uso kama ile aliyoivaa uwanjani wakaivaa mitaani.

Yule aliyeinua karatasi ya Koulibaly na yule aliyeninyima chumba, baba, wanaweza kuwa mtu mmoja. Mwambie mwanao hivyo kabla hajaondoka. Mwambie pia kuhusu muuza samaki wa soko la Pignasecca, aliyeona kila Ijumaa nakodolea macho vichwa vya samaki anavyotupa. Akaanza kunitunzia vichwa kwenye mfuko, bure, miaka saba. Aliniita "mtu wa ziwa". Hakuwahi kuniuliza jina.

"Shangazi, nasikia Napoli mtu anakunywa kahawa moja analipa mbili. Ulevi gani huo? Muuza kahawa, Mlango Mmoja."

Siyo ulevi. Kahawa yao ni kikombe kidogo kama chako, nyeusi, ya moto, unainywa umesimama, glasi ya maji ukitangulia nayo. Mwenye nafasi analipa vikombe viwili, anakunywa kimoja, cha pili anakiacha "kimening'inia". Baadaye anaingia mtu hana hela, anauliza kuna iliyoning'inia? Ikiwepo anapewa, na hajui ametoa nani. Nonna alikuwa analipa Jumatatu kupitia kwangu, siku yake ya pensheni alilipa tatu.

Jumamosi iliyopita nilipita kijiweni kwako, ukawa unazozana na mtu kuhusu Simba na Yanga hata hukunitazama. Nilimwachia mwanao fedha ya vikombe vinne na kashata mbili. Nikipita tena nitamuuliza yeye, siyo wewe, kama vimenyweka.